Ukoko, fuvu na kilomita 50 za zege

Watu arobaini na mmoja waliandika "nipo" kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja chuoni, tulipopanga kukutana tena. Tuliofika Iringa Ijumaa ile ya Juni tulikuwa sita, na mmoja kati ya hao sita ni mwenyeji wa hapohapo; alichofanya ni kupanda daladala tu. Wengine walituma mchango kwa simu. Wengine walituma kikatuni cha mtu anayelia. Sina neno nao. Mimi mwenyewe nilikuwa na sababu tatu nzuri za kutokwenda, ya kwanza ikiwa mahindi yaliyojaa uani yakisubiri kupukuchuliwa.

Nilikwenda kwa sababu ya barabara.

Anayeijua Mawengi atanielewa. Kwetu ni Ludewa, Upangwani, kwenye milima ile ambayo ukimaliza kuishuka upande wa pili unakutana na Ziwa Nyasa. Mwaka 2006, nilipochaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kutoka nyumbani hadi Njombe ilikuwa kazi ya siku nzima, tena kiangazi. Masika hapakuwa na hesabu. Gari lingeweza kulala Lusitu na abiria wakalala nalo, wakiota moto wa kuni za watu. Siku naondoka, baba alikuwa ameuza nguruwe wawili. Mama alinifungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa. Tranka langu la bati lilifungwa kamba ya katani juu ya keria, na vumbi la njiani lililoingia humo nililikuta kwenye mashuka hadi muhula wa pili.

Leo kutoka Lusitu hadi Mawengi kuna kilomita 50 za zege. Si lami, zege, la kumwaga, kama sakafu ya nyumba ya tajiri. Wenzetu wa mikoa mingine wanaringia lami, sisi tulimwagiwa zege kwa sababu ya mvua na miteremko ya huku, na kwa sababu ya malori mazito yanayotarajiwa siku makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga vitakapoanza kutoka kwa wingi. Tumeyasubiri malori hayo tangu babu zetu. Barabara imefika kwanza. Mafundi husema zege halilali, nami Ijumaa ile sikulala pia: alfajiri nilikuwa barabarani na begi la mgongoni, na kabla jua halijawa kali nimekaa stendi ya Makambako nakula hindi la kuchoma.

Makambako ndipo baba alipoishia mwaka ule. Alinisindikiza mpaka pale, akanionyesha kituo cha TAZARA kama mtu anayeonyesha shamba lake. Alikuwa kijana reli ilipojengwa, katika miaka ya 1970, na mpaka leo ukimtajia Wachina anakusimulia jinsi walivyokuwa wakila. Zaidi ya Makambako hakuwa amewahi kwenda. Akaniambia, "Huko mbele utauliza wenyewe." Kisha akageuka kutafuta gari la kurudi Njombe, yapata kilomita 60, bei ya nguruwe mmoja na nusu ikiwa imebaki kwangu, na ya nusu mfukoni mwake.

Kuna jambo ambalo vijana wa sasa hawalikumbuki. Wakati ule sikuwa nimevuka mpaka wowote. Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa, na Ludewa vilevile. Mkoa wa Njombe umezaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo nilikwenda chuo kikuu mkoani kwangu mwenyewe, na bado nilijiona nimekwenda ng'ambo.

*

Mgeni anayetoka Makambako huiona Iringa kwa kuchelewa. Basi linapita misonobari ya Sao Hill iliyopangwa mistari kama wanafunzi paredi, linapita Mafinga, halafu unafika Ipogolo, kwenye daraja la Ruaha Mdogo, na unajiuliza mji wenyewe uko wapi. Uko juu. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam inapita chini, na mji umekaa kilimani ukiiangalia, na hilo ndilo jina lake: lilinga, kwa Kihehe, ni ngome.

"Mji wenyewe uko wapi?" ndiyo sentensi ya kwanza niliyowahi kumsikia Dada wa Temeke akiisema. Tulikutana palepale Ipogolo mwaka 2006, yeye katokea Dar es Salaam na mimi katokea Mawengi, wote na matranka. Alikuwa amevaa blauzi nyepesi isiyo na mikono. Tulipopanda juu na kufika Barabara ya Uhuru, aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema, "Basi ndio huu?" Mimi nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili kwa hofu ya wingi wa watu.

Hicho ndicho nilichotaka kukiandika tangu mwanzo, na barabara imenichelewesha. Tulisoma miaka mitatu katika mji mmoja, darasa moja, tukila sahani zilezile, lakini hatukuwahi kukaa mji mmoja. Wa Temeke alikaa kijijini. Mimi nilikaa jijini. Mpemba wetu, aliyefika na makoti mawili akayavaa yote kwa pamoja, alikaa ndani ya jokofu. Yule wa Kilolo alikuwa nyumbani; Jumamosi alikwenda kwa shangazi yake kufua. CR, mwakilishi wetu wa darasa, alitoka Usukumani na alichoshangaa ni milima: alisema anajisikia kama mtu anayetazamwa kila saa. Na wa sita, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa mbao Mafinga, hakuna anayekumbuka alikuwa anafikiria nini, kwa sababu alikuwa amelala.

Ijumaa ile tulikutana tena, na mwenyeji wetu, yule wa Kilolo, alikuja kutupokea stendi ya Igumbilo. Hata hiyo ilituvuruga. Stendi tuliyoikariri ilikuwa katikati ya mji. Ukishuka kwenye basi ulikuwa umeshafika sokoni. Sasa mabasi ya mikoani yanaishia Igumbilo, nje kabisa, na ukitoka hapo unaanza safari nyingine ya kuingia mjini. Mpemba alishuka akiwa na koti moja tu. Tukampigia makofi.

"Nimezoea nini?" akasema. "Hili la pili limo ndani ya begi."

*

Chuo chenyewe kina historia ya kubadilisha wanafunzi. Majengo ya Mkwawa yalijengwa mwishoni mwa ukoloni kwa ajili ya watoto wa Wazungu, shule ya bweni yenye majina ya watakatifu wawili, Mikaeli na Joji. Baada ya uhuru ikawa Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa. Mwaka 2005 ikafanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sambamba na Chang'ombe kule Dar, kwa sababu moja isiyo na mapambo: walimu hawakuwepo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulikuwa umeanza mwaka 2004, shule za kata zikaanza kuota kila mahali kama uyoga baada ya mvua, wananchi wakifyatua tofali na kubeba mawe, na mawaziri wakihimiza. Kuta zilisimama. Aliyetakiwa kuingia darasani na chaki alikuwa bado hajazaliwa, kielimu nasema. Wakati huo nafasi hiyo ilizibwa na vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache, ambao wananchi, kwa ukali wao wa utani, waliwaita vodafasta.

Sisi tulikuwa kundi la pili. Tulijua tunatengenezewa nini. Mhadhiri mmoja alituambia siku ya kwanza kwamba tusizoee mji, maana hatutaajiriwa mjini.

Getini mlinzi alituomba vitambulisho. CR, ambaye sasa ni mkuu wa shule moja huko Simiyu na ana sauti ya kazi hiyo, akaanza kueleza kwamba sisi ni wahitimu wa mwaka 2009. Mlinzi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mkuu. Vitambulisho." Tukatoa.

Ndani, miti ni ileile, kwa maana ya kwamba imekuwa mikubwa zaidi. Vimbweta vya kujisomea vipo, vimejaa. Tuliposogea, vijana waliokuwa wamekaa hapo wakainuka wote pamoja wakasema, "Shikamooni." Dada wa Temeke aligeuka nyuma kuangalia nani amekuja.

Tulikaa nao. Mmoja, wa mwaka wa pili, akauliza tulimaliza lini. Tulipomwambia, akapiga hesabu kwa vidole akasema alikuwa na miaka mitano. Nikamuuliza siku hizi madesa wanatoa wapi. Akanionyesha simu. Zamani desa lilikuwa kitu cha kushikika: karatasi za mihadhara ya mtu mwenye mwandiko mzuri, zilizopita kwenye mashine ya kutolea nakala mara nyingi mpaka herufi zimevimba, shilingi 50 kwa ukurasa, na ukiliazima kwa mtu unaliazima kwa heshima kama sufuria la shughuli. Sasa desa ni faili. Linatumwa kwa watu mia kabla mwenye nalo hajapepesa macho. Lugha yao, hata hivyo, bado ni ileile. Sapu, mtihani wa marudio, ni sapu. Kudisko, kufeli mpaka ukaondolewa chuoni, ni kudisko. Bumu, ile posho ya mkopo, ni bumu, na bado linaliwa kwa wiki mbili za kwanza kama sikukuu, kisha zinafuata wiki za chai ya rangi.

Bumu lilituletea ubishi mkubwa kuliko wote. CR alisisitiza kwamba sisi tulikuwa tunapata shilingi 5,000 kwa siku na tulishiba. Vijana wakacheka. Tangu wakati huo imepanda mara kadhaa: 7,500 mwaka 2011, 8,500 baadaye, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni 10,000. Mfanyabiashara wa mbao, ambaye huwa haongei, akasema si swali la ngapi, ni swali la sahani. Sahani ya wali maharage siku zetu ilikuwa shilingi 500. Bumu la siku moja lilikuwa sahani kumi. Akamuuliza kijana leo sahani ni shilingi ngapi. Elfu mbili, ya kawaida. "Basi ninyi mna sahani tano," akasema, akanyamaza tena. Ni uchumi mzima kwa maneno machache, na ametoka ualimuni huyo.

Kuhusu deni lenyewe, wengi wetu tumelimaliza. Tulianza kukatwa asilimia 8 ya mshahara, sheria ikabadilika mwaka 2016 ikawa 15, na mwaka 2021 ikafutwa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa inalifanya deni linenepe usiku tumelala. CR ameiwekea fremu barua yake ya kumaliza mkopo, ameitundika sebuleni juu ya picha ya harusi. Alituonyesha kwenye simu. Mke wake, anasema, hajalalamika.

Halafu binti mmoja wa kimbweta cha jirani, ambaye alikuwa anasikiliza tu, akatuuliza sisi tulisubiri ajira muda gani baada ya kumaliza.

Hakuna aliyejibu haraka. Ukweli ni kwamba hatukusubiri. Tulipangiwa vituo wakati majoho ya mahafali bado yana joto. Shida yetu ilikuwa kujua kituo kiko wapi, na gari la kwenda huko linaondoka siku gani ya wiki. Dada yake, yule binti akasema, alimaliza miaka minne iliyopita, Baiolojia na Kemia, na sasa anauza vifaa vya simu. Kila ajira zikitangazwa anaomba. Aliyasema hayo bila kulalamika, kama anayetaja kituo cha daladala. Shule za kata bado zina uhaba wa walimu wa Hesabu na sayansi. Mimi ninafundisha katika mojawapo, ninajua. Na yule binti ana dada yake nyumbani. Mambo hayo mawili yanakaa katika nchi moja, nami sijapata kusikia maelezo ya kunitosheleza.

*

Jumamosi mwenyeji wetu alituburuta Kalenga. Nasema alituburuta kwa sababu miaka mitatu tulisoma kwenye chuo chenye jina la Mkwawa, tukavaa fulana zenye jina la Mkwawa, na Kalenga ni kilomita 15 hivi kutoka mjini, lakini kati ya sita ni yeye peke yake aliyekuwa amewahi kufika. Yeye ni mwalimu wa Historia, na somo hilo amelifundisha mara nyingi mpaka anaweza kulitoa huku akila ndizi.

Alilitoa hivyo. Mwaka 1891, pale Lugalo, Wahehe waliuteketeza msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafa hapo. Mwaka 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa hakukamatwa. Aliwasumbua porini miaka minne, hadi mwaka 1898, alipozingirwa Mlambalasi, akajipiga risasi mwenyewe ili wasimpate. Wakampata maiti. Wakakata kichwa, wakakipeleka Ujerumani.

Mpaka hapo sote tulikuwa tunajua. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nikae chini kwenye ukingo wa baraza. Vita vya kwanza vilipokwisha, ndani ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule mkubwa uliopanga upya ramani ya dunia, kuna kifungu cha 246. Kifungu hicho kinaitaka Ujerumani irudishe vitu viwili: Msahafu wa Khalifa Othman, na fuvu la Mkwawa. Mpemba alimsimamisha. "Pamoja? Kifungu kimoja?" Kimoja. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Fuvu halikurudi ndani ya miezi sita kama mkataba ulivyotaka. Halikurudi kabisa, mpaka gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolifuatilia mwenyewe miaka zaidi ya 30 baadaye. Alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi mno, yaliyookotwa dunia nzima na kupangwa rafuni. Lipi ni la Mkwawa? Walikuwa wamepima vichwa vya jamaa zake walio hai. Wakatafuta fuvu lenye vipimo vinavyofanana na vya ukoo, wakapunguza, wakapunguza, wakabaki na moja lenye tundu la risasi. Hilo ndilo lililoletwa Kalenga mwaka 1954, akakabidhiwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wetu wa Bunge kwa miaka mingi.

"Kwa hiyo ni lake au si lake?" Dada wa Temeke akauliza.

"Wapo wanaotia shaka," mwenyeji akasema. "Lakini lilifaa vipimo."

Lipo pale, ndani ya kisanduku cha kioo, dogo kuliko nilivyotarajia. Tuliingia mmoja mmoja.

Njiani kurudi mjini tulianza kubishana tena, na nikajikuta nacheka peke yangu dirishani. CR anakumbuka kwamba tuligoma kula siku moja mwaka wa pili. Wengine watano hatukumbuki. Mpemba anakumbuka kwamba aliwahi kuona barafu juu ya ndoo ya maji. Tukamwambia ni sabuni. Mimi ninakumbuka nikimfundisha Dada wa Temeke kuwasha moto wa mkaa kwa maganda ya mahindi. Yeye anakumbuka akinifundisha mimi kupika pilau. Kila mmoja amepita rafuni, amepima, amechukua linalofanana na ukoo wake. Na tundu la risasi halikosekani. Ukitaka tundu, utaliona.

*

Mama ntilie wetu tulimtafuta kwa kuulizia. Zamani alikuwa na kibanda cha mabanzi nje ya chuo, benchi mbili na sufuria kubwa. Sasa ana mgahawa, meza za plastiki, televisheni ukutani, na mkwe wake ndiye anayepokea hela. Tulikuwa tumejipanga. Tulinunua doti ya khanga na shuka zito. CR alikuwa ameandaa hotuba kabisa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ukurasa mrefu kuliko wote kwenye lile daftari la wanaokopa.

"Kamwene, mama," mwenyeji akatangulia.

"Kamwene."

"Shikamoo, mama," tukaitikia sisi wengine kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mnakula?"

CR akatoa hotuba. Mwaka 2006 hadi 2009. Kibanda kile. Daftari lile. Tumekuja kushukuru. Mama alisimama akisikiliza huku ameshika mwiko, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kwa nia njema kabisa, akasema, "Jamani, siwakumbuki."

Kimya.

"Hata kidogo?" Dada wa Temeke akauliza.

"Mwanangu, watoto wa chuo mnafanana. Mnakuja wembamba, mnaondoka wembamba. Mkirudi mna vitambi, nitawajuaje?"

Ndipo akarudisha macho kwangu. Akanitazama muda. Akanyoosha mwiko.

"Wewe. Si ndiye ulikuwa unaomba ukoko?"

Wenzangu wanasema kelele walizopiga zilisikika hadi barabarani. Ni kweli, na miaka yote hiyo nilidhani hakuna aliyejua. Kwetu Upangwani wali ulikuwa chakula cha Krismasi na Pasaka. Siku nyingine ni ugali, viazi na maharage, kisha ugali. Nilipofika Iringa nikakuta watu wanakula wali Jumanne. Na yule mama aliupika wa kupalia makaa juu ya mfuniko, kwa hiyo chini ya sufuria palibaki tabaka la ukoko, jekundu, lenye mafuta, ambalo yeye alikuwa anawapa kuku. Nilikuwa nachelewa makusudi, saa nane na nusu, wateja wakishapungua, nikamwomba. Alinipa kwenye karatasi. Sikuwahi kulipia, na kwa hiyo sikuwahi kuandikwa kwenye daftari.

Wote waliokuwa wameandikwa amewasahau.

Alikaa nasi kidogo. Kuhusu miaka, hakuitaja kwa namba. Aliitaja kwa bei. Mwaka ambao sahani ilikuwa 500. Mwaka ambao mchele ulipaa. Mwaka wa korona, chuo kilipofungwa Machi na akakaa miezi hana wa kumpikia, akawalisha kuku wali mzima. Khanga aliipokea, akaisoma maneno yake, akacheka, akaificha ndani. Shuka alimkabidhi mkwe wake hapohapo.

Jioni tulipanda Gangilonga, jiwe linaloongea, ambalo wanasema Mkwawa alikuwa akipanda hapo kutafakari. Halikuongea. Upepo ulikuwa mkali na Mpemba akavaa koti la pili. Chini yetu taa za mji zilianza kuwaka, Wilolesi, Miyomboni, kuelekea Kihesa, na nikakumbuka usiku wangu wa kwanza mwaka 2006, niliposimama dirishani bwenini nikijaribu kuzihesabu, nikafika mia mbili, nikaogopa. Sikuwa nimewahi kuona taa nyingi kiasi kile zikiwa hazina sherehe.

Safari hii hazikunitisha. Nilidhani mji ungeniuma kwa kunisahau, au ungenifurahisha. Ulikaa tu, wa wastani, mzuri, una baridi. "Umepungua?" Dada wa Temeke akaniuliza. Nikamwambia hapana. Yeye akasema kwake umekua: sasa angependa kustaafia huku, atafute kiwanja, maana Dar joto limemshinda. Mimi ndiye niliyeangalia kushoto, nikaangalia kulia. Basi ndio huu.

*

Jumapili nilirudi na mfanyabiashara wa mbao hadi Mafinga, kwenye gari lake linalonukia utomvu. Alinieleza kwa nini aliacha kufundisha, na kwa kuwa aliniambia tukiwa wawili, nitayaacha humo garini. Makambako nikabadilisha basi. Njombe nikanunua parachichi za watoto, ingawa kwetu zipo. Ni tabia tu. Itoni, tukakunja. Lusitu, tairi zikabadilisha mlio, na dereva akazima redio kama wanavyofanya wengi wakifika kwenye zege, sijui kwa nini.

Mawengi nilifika giza limeingia. Siku hizi giza letu lina matundu. Maji ya mto wetu yanazungusha mtambo mdogo uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la ACRA, na umeme wake unaendeshwa na wananchi wenyewe chini ya jina LUMAMA, yaani Lupande, Madunda na Mawengi zilizokatwa vipande na kushonwa pamoja. Nikiwa chuoni, baba alikuwa akisoma barua zangu kwa kibatari. Sasa kuna taa juu ya meza, na juu ya banda la nguruwe pia, kwa sababu ya wezi.

Walikuwa wamemaliza kula. Nikasalimu, nikafungua begi, nikatoa kifurushi cha gazeti chenye mafuta yaliyopenya kote.

"Umetuletea nini Iringa?" mama akauliza.

"Ukoko."

Walitazamana. Baba akakivuta kifurushi karibu na taa, akafungua, akavunja kipande, akakitia kwenye chai yake, akangoja kilainike. Meno yake si ya mwaka 2006. Akala polepole.

"Huu ni wa mkaa," akasema.

"Ndiyo."

"Shilingi ngapi?"

"Bure."

Akavunja kingine.

"Na chuo? Bado kipo?"

"Kipo, baba."

Akasukuma kifurushi upande wa mama, akamwambia achukue kabla hakijaisha.